Mali bila Daftari

Ukiulizwa ni nani aliyekufundisha hesabu, bila shaka utamtaja mwalimu wako wa darasa la kwanza. Jibu hilo ni la heshima, na mimi niliye mwalimu sina sababu ya kulikataa. Hata hivyo, si jibu kamili. Kabla hujaijua chaki ulikwisha kutumwa dukani, sarafu imefumbatwa kiganjani, ukaambiwa ulete chumvi na usisahau masalio. Kabla hujajua alama ya kugawanya ulikwisha kumegeana muwa na ndugu zako, na yule aliyepata kipande kifupi alikufundisha kwa kilio chake maana ya sehemu zilizo sawa. Nyumba ndiyo iliyokuwa shule yako ya kwanza, na jiko ndilo lililokuwa darasa.

Historia tunayosoma vitabuni huzungumza sana juu ya wafalme, vita na mikataba. Katika insha hii nataka tuitazame historia nyingine, ambayo haina mizinga wala bendera: jinsi wazee wa nchi yetu walivyowafundisha watoto wao kuhesabu, kupima na kutunza mali, na jinsi mafundisho hayo yalivyojaribiwa kila fedha ilipobadilika. Utaona kwamba jambo hili si dogo. Mara nyingi tofauti kati ya nyumba iliyosimama na nyumba iliyoanguka ilikuwa ni kujua au kutojua hesabu.

Tuanze na vipimo, maana watu walipima kabla ya kuwa na sarafu nyingi. Katika miji ya pwani, kama vile Mombasa, Malindi na Lamu, nafaka ilipimwa kwa kibaba. Vibaba 2 vilikuwa kisaga, na visaga 2 vilikuwa pishi. Kwa hiyo pishi moja ilikuwa na vibaba 4. Pishi 6 za nafaka zilikaribia uzito wa frasila moja, yaani ratili 35 hivi, na pishi 60 ziliitwa jizla. Nguo nayo ilipimwa kwa mwili wa mtu. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetandazwa. Shibiri 2 zilikuwa mkono mmoja, mikono 4 ilikuwa pima au upande, na mikono 8 ilikuwa doti. Mtoto wa pwani aliyajua haya yote bila ubao, kwa kuwa aliyaona kila siku mlangoni pa nyumba yao.

Lakini kujua majina ya vipimo hakukutosha. Kulikuwa na kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Kibaba cha tele kilijazwa hadi nafaka ikafanya kilima juu yake. Kibaba cha mfuto kilifutwa kwa kijiti hadi kikawa sawa na ukingo. Vyote viwili viliitwa kibaba, na kumbe mnunuzi aliyesahau kuuliza alikwenda nyumbani na nafaka pungufu. Vivyo hivyo mwenye mkono mrefu alipata nguo zaidi ya mwenye mkono mfupi kwa bei ile ile. Mzazi mwangalifu alimwambia mtoto wake kabla hajatoka: uliza kwanza ni tele au ni mfuto, kisha ndipo uulize bei. Hilo lilikuwa somo la hesabu, na pia lilikuwa somo la kuijua dunia.

Hesabu hiyo ya kibaba ilikuwa na kazi kubwa. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani kwenda bara kutafuta pembe za ndovu, na posho ya kawaida ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Fikiri sasa, msomaji, kama wewe ndiwe kiongozi wa msafara wa wapagazi 100 mnaokwenda safari ya siku 30. Utahitaji vibaba 3,000, yaani pishi 750, ambazo ni jizla 12 na nusu. Ukikosea hesabu hiyo nyumbani, hutapata mtu wa kukusahihishia nyikani. Watu watalala njaa, na wengine watatoroka usiku. Neno posho tunalolitumia hata leo limebeba ndani yake kumbukumbu ya hesabu hizo.

Huko bara watu walikuwa na njia zao. Jamii nyingi za wafugaji hazikupenda kuwahesabu ng'ombe kwa sauti, wala kuwahesabu watoto, kwa kuogopa kuleta nuksi. Usidhani kwamba walikuwa hawajui idadi ya mali yao. Mtoto mchungaji alifundishwa kumjua kila mnyama kwa rangi, kwa pembe na kwa mama yake. Jioni aliposimama mlangoni pa zizi alitambua mara moja kwamba fulani hayupo, hata kama kundi lilikuwa kubwa. Kulikuwa pia na mchezo wa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji hodari huona mbele zamu kadhaa kabla hajainua mkono. Vijana waliokaa kibarazani wakitazama wazee wakicheza walijifunza kuongeza, kupunguza na kukadiria, huku wakidhani kwamba wanapumzika.

Sasa tuje kwenye sarafu. Pwani yetu ilitumia fedha za mataifa mengi. Kulikuwa na dola ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha iliyopigwa chapa ya mwaka 1780, ambayo iliendelea kutengenezwa kwa mwaka ule ule muda mrefu baada ya malkia huyo kufa. Kulikuwa na rupia ya Bara Hindi. Mwaka 1882 Sayyid Barghash wa Unguja alitoa pesa za shaba, na upande mmoja wa sarafu hizo palichorwa mizani, kana kwamba kumkumbusha kila azishikaye kwamba biashara ni haki. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki nayo ilitoa rupia na pesa zake zenye jina la Mombasa.

Rupia kwa hesabu ya Bara Hindi ilikuwa na ana 16, na kila ana ilikuwa na pesa 4. Kwa hiyo rupia moja ilikuwa pesa 64, sawasawa na kete za bao. Dola moja ilikuwa karibu rupia 2. Mtoto aliyetumwa sokoni ilimbidi ajue kugawanya kwa 4 na kwa 16, kazi ambayo huwatoa jasho wengi wa wanafunzi wangu. Lugha yetu imehifadhi alama ya siku hizo. Wazee waliita senti 50 thumni, au sumuni. Neno hilo maana yake ni sehemu ya nane. Sehemu ya nane ya nini? Ni ya dola. Dola ilihesabiwa rupia 2, ambazo baadaye zilikuwa sawa na shilingi 4, na shilingi 4 ukizigawanya kwa 8 unapata senti 50. Dola ilikwisha kuondoka, lakini sehemu yake ya nane ilibaki midomoni mwa watu.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Victoria mwishoni mwa mwaka 1901. Pamoja na reli zilikuja duka na kodi. Wafanyabiashara Wahindi, na Allidina Visram ndiye aliyejulikana zaidi kati yao, walifungua maduka njiani na katika miji iliyochipuka. Mwaka ule ule wa 1901 serikali ilianza kutoza kodi ya kibanda. Hapo mwanzo wengine walilipa kwa mifugo au kwa kazi, lakini serikali ilitaka fedha. Basi nyumba ambazo hazikuwahi kuihitaji rupia sasa zilihitaji rupia kila mwaka, na njia ya kuipata ilikuwa kuuza mazao au kuuza nguvu za mikono.

Hapa ndipo hesabu ya nyumbani ilipopata mtihani mzito. Kibarua aliyeajiriwa shambani kwa kadi ya siku 30 hakulipwa mwezi ulipokwisha, bali alilipwa alipomaliza siku 30 za kazi. Siku ya ugonjwa, siku ya mapumziko na siku ambayo hakupewa kazi hazikuandikwa. Mtu aliyehesabu miezi kwa kuutazama mwandamo alidhani kwamba ameibiwa. Aliyejua kuhesabu alama za kadi yake aliweza kuona kama kweli ameibiwa au hakuibiwa. Mara nyingi kadi hiyo ilisomwa usiku mbele ya moto, baba akionyesha na watoto wakihesabu.

Kisha fedha yenyewe ikageuka. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia pauni moja ya Kiingereza ilikuwa rupia 15. Baada ya vita thamani ya rupia ilipanda, na mwaka 1920 serikali ikaikata kuwa shilingi 2 za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilitoa florini kwa muda mfupi, na kuanzia mwaka 1921 ikaamuliwa kwamba fedha ya nchi iwe shilingi yenye senti 100. Tazama ugumu wake: rupia ilikuwa na senti 100, na shilingi nayo ilikuwa na senti 100, lakini rupia moja ilikuwa shilingi 2. Neno senti lilibaki lile lile na thamani yake ikawa nusu. Mtu aliyezoea kutaja bei kwa senti bila kuuliza ni senti za nini aliweza kupoteza nusu ya mali yake kwa neno moja.

Mwaka huo huo wa 1921 bei za mazao zilianguka, na walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Kodi ya kibanda, iliyoanza kwa rupia chache tu, ilikuwa imefika shilingi 16. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme kibarua alikuwa akipata shilingi 12 kwa kadi moja. Ukitoa thuluthi, yaani shilingi 4, zinabaki 8. Kodi ya shilingi 16 ni sawa na kadi 2 nzima, na hapo mke na watoto hawajala, wala hawajavaa. Hesabu hiyo haikuhitaji digrii. Ilifanywa katika nyumba nyingi, na jawabu lake liliwatoa watu majumbani.

Harry Thuku, kijana aliyekuwa akishughulikia simu katika ofisi ya Hazina mjini Nairobi, aliongoza malalamiko hayo juu ya kodi, mishahara na kipande. Alikamatwa mwezi Machi mwaka 1922, na watu waliokusanyika kudai afunguliwe walipigwa risasi, wengi wakafa. Baadaye kodi ilipunguzwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Nakuomba ulitafakari jambo hili. Mara nyingi tunasema kwamba watu walidai haki kwa sababu ya uchungu, na ni kweli. Lakini uchungu wao ulikuwa na hesabu ndani yake. Waliijua tarakimu waliyonyang'anywa.

Sasa niruhusu nitoe mfano wa nyumbani kwetu. Nyanya yangu hakwenda shule hata siku moja. Katika miaka ya kwanza ya Uhuru alikuwa na watoto wadogo, na babu alikuwa akifanya kazi mbali, akileta fedha kila baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo nyanya alikopa sukari, mafuta ya taa na sabuni katika duka moja la kijijini, naye mwenye duka akaandika katika kitabu chake. Nyanya hakuweza kukisoma kitabu hicho, lakini alikuwa na kitabu chake mwenyewe, nacho kilikuwa ukuta wa jiko. Kila jioni baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka minane, aliambiwa achore kwa mkaa mstari mmoja kwa kila shilingi iliyokopwa. Mistari minne ilisimama, na wa tano uliikata. Senti zilichorwa pembeni kwa vitone.

Babu aliporudi, nyanya alikwenda dukani kulipa, akamchukua baba amfuate. Mwenye duka alifungua kitabu akasema, "Mama, deni lako ni shilingi 37." Nyanya akamjibu, "Bwana, kwangu ni 29. Tafadhali tusome pamoja." Mwenye duka alikasirika kidogo, kisha akasoma mstari mmoja mmoja, na baba akihesabu kwa vidole. Walipofika ukurasa wa pili waliona kwamba shilingi 8 za ukurasa wa kwanza zilikuwa zimeandikwa tena juu ya ukurasa uliofuata, zikajumlishwa mara mbili. Kama ilikuwa ni makosa au ni hila, nyanya hakutaka kujua. Alilipa shilingi 29, akaomba jina lake lifutwe mbele ya macho yake, akaaga kwa adabu, maana biashara haigombi. Njiani alimwambia baba, "Leo umetuletea shilingi 8." Baba alinisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara alipofika hapo sauti yake ilibadilika. Nadhani siku hiyo ndiyo aliyoamua kwamba watoto wake wote watasoma.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nyanya hakuwa na daftari la karatasi, lakini alijua kwamba daftari si karatasi. Daftari ni desturi ya kuweka alama leo, ili kesho isikudanganye.

Kuweka akiba nako kuna historia yake. Sarafu za senti 1, 5 na 10 za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, na watu walizitunga katika uzi kama shanga. Mtoto aliyepewa ndururu aliitunga pamoja na nyingine, akaona kwa macho yake jinsi uzi ulivyojaa. Benki ya Akiba ya Posta, iliyoanza nchini mwaka 1910, iliwafundisha watu wa kawaida kuziweka fedha mahali penye kitabu na muhuri. Katika miaka ya 1960 wanawake wa sehemu za kati za Kenya waliunda vikundi vilivyojulikana kwa jina la mabati. Kila mmoja alitoa fungu lake, na kwa zamu nyumba ya mmoja iliezuliwa nyasi ikaezekwa bati. Ukiwa na wanawake 20, na kila mmoja akitoa shilingi 5, yule wa zamu hupata shilingi 100 kwa mara moja, jambo ambalo peke yake lingemchukua miezi mingi. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini vikundi hivyo vilisimama kwa daftari na uaminifu. Palipokosekana kimoja, kikundi kilivunjika na majirani wakanuniana.

Benki Kuu ya Kenya iliundwa mwaka 1966, na mwaka huo huo shilingi ya Kenya ikachukua mahali pa ile ya Bodi ya Sarafu. Ratili na galoni zikaachia nafasi kilo na lita. Lakini ukienda sokoni leo utaona kwamba mambo ya kale hayajafa. Mahindi bado hupimwa kwa gorogoro, na wako wauzaji ambao hubonyeza kitako cha kopo kwa nyundo ili liingize kidogo. Huyo ni ndugu wa yule aliyeuza kibaba cha mfuto kwa bei ya tele. Mtoto aliyefundishwa nyumbani hugeuza kopo kwanza akatazama chini.

Mwaka 2007 M-Pesa ilianza, na fedha ikawa haionekani tena. Faida zake ni kubwa, wala sitaki kuzipunguza: mzazi aliye Mombasa hulipa karo ya mtoto aliye Kakamega kabla chai haijapoa. Lakini fedha isiyoonekana haitungwi katika uzi, na haipungui mfukoni ukahisi wepesi wake. Tena simu hiyo hiyo hukupa mkopo kwa kubonyeza mara mbili, na hukualika ucheze kamari. Ukikopa shilingi 1,000 ukatakiwa kurudisha 1,080 baada ya siku 30, waweza kudhani kwamba shilingi 80 ni kitu kidogo. Lakini ukikopa hivyo kila mwezi, mwisho wa mwaka umelipa shilingi 960 za nyongeza, karibu sawa na zile 1,000 ulizoazima, na bado hukumiliki chochote. Kukopa harusi, kulipa matanga. Nimewaona vijana wenye alama nzuri za hisabati wakinaswa na mtego huu, kwa sababu walijua kanuni ya riba katika mtihani, lakini hakuna aliyewaambia kwamba kanuni hiyo inakaa pia ndani ya simu zao.

Kwa hiyo nina ombi kwako, msomaji kijana. Utakapofika nyumbani likizo, keti na mzee mmoja umuulize alihesabu kwa nini alipokuwa mtoto, alipokea fedha gani mara ya kwanza, na alidanganywa mara ngapi kabla hajaerevuka. Andika majibu yake, maana hayo ni historia ya nchi. Kisha nunua daftari dogo. Andika upande mmoja kila shilingi iliyoingia, na upande wa pili kila shilingi iliyotoka, hata ya andazi. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja bila kujidanganya. Na kama una mdogo wako, usimpe jibu anapokuuliza masalio ni kiasi gani. Mwache ahesabu kwa vidole, akosee, arudie.

Ukuta wa jiko la nyanya ulikwisha kubomoka zamani, na mistari ya mkaa imekwenda pamoja na udongo wake. Lakini mtoto aliyeichora alikua akajua thamani ya shilingi 8, akamfundisha mwanawe, na mwanawe ndiye anayekuandikia maneno haya.